Kuwalisha bakteria wa utumbo: mwongozo wa wiki sita kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Ninywe kidonge gani cha bakteria?" "Mtindi peke yake unatosha?" "Nimeanza kula maharagwe kila siku, sasa tumbo limejaa kama ngoma, niache?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, sasa nayaweka mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata ukiwa umesimama jikoni.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: walishe bakteria ulio nao tayari, walishe mimea ya aina nyingi, na uongeze polepole kuliko unavyotamani. Hilo la polepole ndilo wengi huliruka, na ndilo linalowaangusha siku ya nne.

Nasema hivyo kwa sababu nami lilinikuta. Siku niliyoamua kubadili ulaji nilikula bakuli zima la dengu mchana, kabichi mbichi jioni, na vijiko vitatu vikubwa vya pumba za ngano juu yake, nikihesabu kwamba nimefidia miaka yote ya uzembe. Usiku huo sikulala, nilikaa. Asubuhi nikawatangazia watu kwamba dengu hazinikubali. Dengu za watu hazikuwa na kosa lolote.

Nadharia kidogo tu

Sehemu kubwa ya unachokula humeng'enywa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachoteremka hadi utumbo mpana ni kile ambacho vimeng'enya vyako vimeshindwa kukivunja, hasa nyuzinyuzi za mimea. Huko chini ndiko waliko bakteria wako wengi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanawaweka kwenye trilioni 38 hivi kwa mtu mzima, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe, ingawa wote kwa pamoja wana uzito wa kama gramu 200 tu.

Bakteria hao huchachusha mabaki uliyowaletea na kutoa asidi ndogo za mafuta: asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo kuni ya seli zilizojipanga kwenye ukuta wa utumbo mpana. Zinaitegemea kwa sehemu kubwa ya nguvu zao. Katika majaribio ya panya, bakteria walionyimwa nyuzinyuzi waligeukia ute unaoulinda ukuta huo wakaanza kuutafuna. Uchachushaji huo huo hutoa gesi pia. Gesi kidogo, kwa hiyo, ni moshi wa jiko lililowaka.

Mabadiliko hayachelewi. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba mtu akihama ghafla kutoka kwenye mimea kwenda kwenye nyama, mayai na jibini, au kinyume chake, jamii ya bakteria inabadilika ndani ya siku chache, na akirudia ulaji wake wa zamani nayo inarudi upesi vilevile. Mwaka 2015 watafiti wengine waliwabadilishia chakula Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili. Wamarekani wakapewa nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, wenzao wakapewa kinyume chake. Kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe (wa mwasho, siyo wa saratani) kwenye ukuta wa utumbo zilipungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili.

Nadharia inatosha.

Usianze bila kuongea na daktari kama

- unaona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, unaamshwa usiku na kuharisha, au umeambiwa una upungufu wa damu ambao chanzo chake hakijapatikana;
- umefanyiwa upasuaji wa utumbo karibuni, utumbo wako una sehemu iliyosinyaa, au una ugonjwa wa uvimbe wa utumbo ambao kwa sasa umepamba moto;
- figo zako ni dhaifu (maharagwe na matunda mengi yana potasiamu nyingi);
- unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, maana ulaji huu unaweza kuhitaji dozi irekebishwe;
- kinga yako iko chini kwa sababu ya matibabu ya saratani au kupandikizwa kiungo. Hapo vyakula vilivyochachushwa bila kupikwa ni vya kuulizia kwanza.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulikosea: ukihisi ngano inakudhuru, usiiache kabla ya kupimwa ugonjwa wa siliaki, ule ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu akila ngano. Kipimo hicho kinahitaji uwe unakula ngano, la sivyo kinaweza kukudanganya kwamba huna.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari na kalamu. Kikombe cha kupimia, au mizani ya jikoni kama unayo. Bakuli kubwa la kulowekea na sufuria yenye mfuniko. Jokofu litasaidia. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana utaihitaji hatua ya 7, kama utaamua kuchachusha mwenyewe. Na wiki sita ambazo huna safari ndefu wala karamu tatu mfululizo.

Usichohitaji: vidonge vya bakteria, na vile vipimo vya kinyesi vinavyokuorodheshea bakteria wako kwa rangi na alama. Maabara tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti kwa sampuli ile ile, na hata majibu yakiwa sahihi bado hayamwambii mtu mwenye afya ale nini Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 1: Andika siku saba bila kubadili kitu

Ndiyo, wiki nzima ya kuandika tu. Watu huichukia hatua hii kuliko zote, halafu wiki ya tano wananiuliza kama kuna nafuu na hawana cha kulinganisha nacho.

Kila siku andika mambo matatu: mimea uliyokula, choo kilikuwaje, na tumbo lilikuwaje. Ukurasa wangu wa kwanza ulisomeka hivi:

*Jumanne. Mkate mweupe, yai, wali, nyama, kitunguu, mkate tena. Mimea: 3 (ngano, mchele, kitunguu). Choo: hakuna, siku ya pili. Tumbo: zito jioni.*

Mimea mitatu siku nzima, na nilikuwa najiona mtu wa kula vizuri.

Kuandika choo, tumia skeli ya Bristol, ambayo hospitali nyingi huitumia. Ina aina 7. Aina ya 1 ni vigololi vigumu vilivyoachana. Ya 2 ni kipande kimoja chenye mabonge. Ya 3 ina mipasuko juu yake. Ya 4 ni laini na imenyooka. Ya 5 ni vipande laini. Ya 6 ni rojorojo. Ya 7 ni maji matupu. Andika namba tu, inatosha. Lengo ni 3 au 4.

Ukitaka kujua chakula kinakaa tumboni muda gani, kula punje za mahindi bila kuzitafuna sana, andika saa, kisha subiri uzione zikitoka. Kwa wengi ni siku moja hadi mbili. Zikipita siku tatu, utumbo wako unakwenda kwa kujikokota, na hatua ya 3 uifuate kwa unyenyekevu zaidi.

Hatua ya 2: Jua unakula nyuzinyuzi kiasi gani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kutoka kwenye vyakula vyenyewe. Chukua ukurasa wa siku moja ya kawaida uhesabu kwa makadirio haya:

- Kikombe cha dengu zilizopikwa: 15
- Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa: 12
- Nusu parachichi: 6
- Tufaha pamoja na ganda lake: 4
- Oti kavu, nusu kikombe: 4
- Kiganja cha lozi: 3
- Ndizi moja: 3
- Kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa: 2
- Kipande cha mkate mweupe: chini ya 1
- Nyama, samaki, mayai, maziwa: 0

Usihangaike na sehemu za gramu. Unachotafuta ni kujua kama uko kwenye 10, 15 au 20, kwa sababu hapo ndipo utakapoanzia kupanda. Mtu aliye kwenye 10 na mtu aliye kwenye 20 hawawezi kufuata ratiba moja, na ushauri mwingi wa "kula hivi kuanzia kesho" huvunjikia hapo.

Hatua ya 3: Ongeza gramu 5 kwa wiki, zaidi ya hapo hapana

Gramu 5 kwa siku, ukae nazo wiki nzima, ndipo uongeze 5 nyingine. Kwa aliyeanzia kwenye 10 safari inaweza kwenda hivi:

Wiki ya kwanza ya mabadiliko: badili mkate mweupe kwa wa ngano isiyokobolewa, na ongeza ndizi moja. Wiki ya pili: tufaha bila kumenya, na karanga au lozi kidogo. Wiki ya tatu: vijiko vitatu vikubwa vya dengu kwenye chakula cha mchana, pamoja na mboga za majani. Ukifika hapo umeigusa 25 bila tumbo kushtuka. Wiki zinazobaki utazitumia kuongeza aina.

Bakteria wanaoweza kuvunja nyuzinyuzi fulani ni wachache mwanzoni kama hujawahi kuwapa. Wanahitaji muda wa kuzaana. Ukiwamwagia gunia zima siku ya kwanza, kinachotokea ni uchachushaji wa fujo, na wewe ndiye utakayeusikia.

Maji ni sehemu ya hatua hii. Nyuzinyuzi nyingi hunyonya maji. Zikiyakosa hugeuka kigingi. Ongeza glasi moja au mbili juu ya kiasi chako cha kawaida, na angalia rangi ya mkojo: ukiwa wa njano nzito, bado.

Kosa la kawaida: kuruka moja kwa moja kwenye pumba au unga wa nyuzinyuzi wa kopo ili kufikia 25 upesi. Unga huo ukinywewa na maji kidogo unaweza kukwama kooni, na ukinywewa pamoja na dawa unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Anayeushauriwa na daktari aunywe na glasi nzima ya maji, na dawa zake azitenganishe nao kwa saa mbili.

Hatua ya 4: Jifunze kupika maharagwe upya

Hapa nitakaa kidogo, maana mikunde ndiyo chakula cha bakteria chenye nguvu kuliko karibu vyote vilivyomo jikoni, na ndiyo inayolaumiwa kuliko vyote.

Maharagwe yana sukari ndefu ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwanadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo zinashuka nzima hadi kwa bakteria, nao huzifurahia kupita kiasi. Habari njema ni kwamba sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Fanya hivi:

1. Chambua, osha, kisha loweka kwenye maji mengi usiku kucha, saa 8 hadi 12. Asubuhi utakuta punje zimevimba na maji yamebadilika rangi, mara nyingine yana povu jepesi juu. Sehemu ya gesi yako iko kwenye maji hayo.
2. Yamwage. Usiyapikie, hata kama umezoea kuona kwamba ladha iko humo. Suuza mara mbili.
3. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali. Kwa maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu, yale mapovu makubwa yanayorusha mfuniko, dakika 10 kwa uchache. Mimi huacha 30.
4. Punguza moto, pika mpaka punje ikibanwa kati ya ulimi na kaakaa ivunjike yenyewe. Haragwe lenye kiini kigumu halijaiva, hata kama mchuzi umeshakolea.

Onyo. Maharagwe mekundu mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu iitwayo lektini. Punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Moto wa chini wa jiko la umeme la kupikia polepole hauiui, na maharagwe yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Kwa hiyo chemsha kwanza, ndipo uhamishie huko.

Dengu na choroko ni rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa sababu huiva haraka na wengi huzivumilia vizuri. Za kopo pia zinafaa. Mwaga maji yake na uzisuuze. Anza na vijiko viwili vikubwa. Kaa hapo siku tatu. Tumbo likinyamaza, ongeza kijiko.

Hatua ya 5: Ongeza aina

Bakteria mbalimbali hula vitu mbalimbali. Mradi mmoja mkubwa wa Marekani uliochapisha matokeo yake mwaka 2018 ulikuta kwamba watu waliokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki walikuwa na jamii tofauti zaidi za bakteria kuliko waliokula aina 10 au pungufu. Ule ulikuwa uchunguzi wa ulaji wa watu walivyokuwa, siyo jaribio la kuwalisha, kwa hiyo 30 usiifanye ibada. Ichukue kama mchezo wa kuhesabu.

Inafikika kirahisi kuliko inavyosikika. Matunda, mboga, nafaka, mikunde, njugu, mbegu na viungo vyote vinahesabika, na nyanya ukiila mara saba kwa wiki ni aina moja tu. Mbinu inayonisaidia ni mchanganyiko. Nina chupa moja ya mikunde minne inayoiva kwa muda unaokaribiana, na nyingine ya ufuta, mbegu za maboga na karanga, ambayo hunyunyizwa juu ya karibu kila kitu. Mchoto mmoja, aina tatu.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vipe nafasi ya pekee kwa sababu ya inulini iliyomo. Ndiyo nyuzinyuzi inayochachuka upesi kuliko nyingi, hivyo ongeza kwa hadhari.

Kosa la kawaida ni kumenya kila kitu na kusaga kila kitu. Juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi zake kwenye chujio, na sukari imebaki kwenye glasi.

Hatua ya 6: Tumia wanga uliopoa

Viazi, wali na tambi vikipikwa kisha vikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, ukashuka hadi kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Ukivipasha tena, sehemu yake hubaki. Ndizi mbichi zina wanga wa namna hiyo hiyo. Faida si kubwa, lakini huhitaji kununua chochote.

Hatari iko kwenye wali. Kuna bakteria mwenye mbegu zinazostahimili kuchemshwa, naye huzaana wali ukiachwa mezani saa nyingi. Sumu yake haitoki kwa kupasha. Utandaze upoe upesi, uingie kwenye jokofu ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, na upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kotekote. Kama huna jokofu, hatua hii iruke. Hupotezi kikubwa.

Hatua ya 7: Leta kitu kilichochachushwa

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwagawa watu wazima 36 wenye afya makundi mawili. Kundi moja liliongeza nyuzinyuzi, la pili vyakula vilivyochachushwa. Baada ya wiki kumi, la uchachu lilikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, na protini 19 za uvimbe kwenye damu zilikuwa zimeshuka. La nyuzinyuzi halikuongeza aina za bakteria kwa muda huo. Somo ninalolitoa mimi ni kwamba vyote viwili vinahitajika, na kwamba nyuzinyuzi zinadai uvumilivu. Lakini ujue kwamba wale wa uchachu walifikia kama milo sita midogo yake kwa siku. Kijiko kimoja cha mtindi kwa wiki usikitegemee muujiza.

Anza na nusu kikombe cha mtindi usiotiwa sukari kila siku. Kwenye chombo pawe pameandikwa kwamba bakteria wake wako hai. Ukipikwa au kupashwa, hao wamekufa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, kabichi haina makuu. Kata nyembamba, pima uzito, tia chumvi asilimia 2, yaani gramu 20 kwa kilo moja. Fikicha kwa mikono safi dakika kumi, mpaka ukiikamua itoe maji kama sifongo. Shindilia kwenye chupa ya kioo hadi maji yake yenyewe yaifunike kabisa, weka kitu kizito safi juu, funga bila kukaza. Siku ya pili au ya tatu utaona vipovu vikipanda pembeni mwa kioo. Fungua mfuniko kila siku gesi itoke. Ionje baada ya wiki. Ikishakuwa chachu kwa kiasi unachokipenda, iweke kwenye jokofu.

Kabichi iliyotoka nje ya maji huota ukungu, na yenye ukungu hutupwa yote. Usipunguze chumvi kwa kukisia, kwa sababu ndiyo inayowazuia bakteria waharibifu mpaka wale wa uchachu washike usukani. Na mboga zilizokaa kwenye siki hazikuchachushwa. Siki ni uchachu ulioletwa kutoka nje.

Hatua ya 8: Punguza vinavyokula nafasi

Kwa kifupi: vinywaji vya sukari, vitafunwa vya viwandani, na nyama za kusindikwa. Sukari nyingi hufyonzwa juu, haiwafikii bakteria, ila hukushibisha usile kinachowafikia. Baadhi ya bakteria hugeuza kanitini ya nyama nyekundu kuwa kitu ambacho ini hukikamilisha kuwa TMAO, na watu wenye TMAO nyingi kwenye damu huonekana kupata zaidi magonjwa ya moyo. Kuhamia kwenye vitamu visivyo sukari kusikupe faraja sana: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, na sakarini na sukralosi zimeonyeshwa kubadilisha bakteria wa utumbo kwa baadhi ya watu.

Hatua hii nimeiweka mwisho makusudi. Anayeanza kwa kujinyima huchoka. Anayeanza kwa kuongeza hukuta sahani imejaa na nafasi ya soda imejifunga yenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Gesi imezidi.* Kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida ya binadamu, hata kama hakuna anayekiri. Ikizidi sana au ikileta maumivu, rudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita, ukae siku saba. Angalia daftari: mara nyingi mkosaji ni kitunguu saumu, kabichi mbichi au maharagwe ambayo maji ya kuloweka hayakumwagwa. Usikate vyote kwa mpigo, maana hutajua ni kipi.

*Nimeongeza nyuzinyuzi, choo kimefunga zaidi.* Maji kwanza. Kisha ondoa pumba, weka matunda laini na oti. Tembea kila siku, hata nusu saa. Kama kipimo cha mahindi kilizidi siku tatu tangu mwanzo, mwone daktari kabla ya kuongeza tena.

*Naharisha.* Pengine ni matunda mengi kwa wakati mmoja, au peremende na bazoka zisizo na sukari. Sobitoli iliyomo, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, huvuta maji utumboni. Kama ni baada ya maziwa, huenda laktosi, yaani sukari ya maziwa, haikukubali. Mtindi wengi huuvumilia vizuri zaidi, kwa kuwa bakteria wake husaidia kuivunja laktosi hiyo.

*Nimeandikiwa antibayotiki.* Maliza dozi kama ulivyoelekezwa. Endelea kula mimea yako kadiri tumbo linavyoruhusu. Vidonge vya probayotiki, yaani vile vya bakteria, nisingekimbilia: utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kwamba waliovinywa baada ya antibayotiki bakteria wao wenyewe walichelewa kurudi kuliko walioachwa bila kitu. Ukianza kuharisha sana baada ya dozi, hasa na homa, nenda hospitali na utaje dawa uliyotumia. Anaweza kuwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huchipuka wenzake wakishafyekwa.

*Tumbo linauma karibu kila mlo, hata nikienda polepole.* Huenda una utumbo wenye hisia kali, na kuna ulaji maalumu wa kuupima, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unaoondoa kwa muda sukari zinazochachuka upesi. Ufanye pamoja na mtaalamu wa lishe. Ni wa wiki chache, kisha vyakula vinarudishwa kimoja kimoja. Aliyekwama humo miezi anawanyima chakula bakteria wale wale anaowatafuta.

*Wiki sita zimepita, sioni tofauti.* Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Wengi husahau walikotoka. Linganisha namba za choo, idadi ya mimea, na jinsi jioni zilivyokuwa. Kama namba za choo zilikuwa 3 na 4 tangu mwanzo, hakukuwa na kubwa la kuona, na yanayoendelea kwenye ukuta wa utumbo hayana namna ya kukupigia simu.

*Choo kimekuwa chekundu.* Ulikula kiazisukari chekundu, ile bitiruti, jana au juzi? Basi ni rangi yake, imenishtua mimi pia saa kumi na mbili asubuhi. Kama hukula, au rangi inaendelea siku ya tatu, au choo ni cheusi kama lami, funga daftari uende hospitali leo.